Plastiki ya Daraja la Kwanza

Evodia alikuwa na ugomvi na udongo, na ugomvi huo alitoka nao kwao Mwimbi. Huko ndiko alikozaliwa, ndiko alikolimishwa tangu mdogo, na siku alipoolewa na Yusto, mtunza ghala wa duka la serikali hapa Sumbawanga mjini, alipanda lori la magunia akiwa na viatu miguuni, akaapa kwamba mikono yake haitaingia tena kwenye tope. Aliapa mbele ya mama yake mzazi, ambaye saa hiyo alikuwa ameinama shambani anafunika majani kwenye tuta. Mama wa watu hata kichwa hakuinua. Alimwambia tu afunge mlango wa banda la kuku akitoka.

Akawa mke wa mtunza ghala. Waliokuwepo miaka ile ya sukari kwa kibali na sabuni kwa kibali wanajua maana yake. Mwanamke wa namna hiyo alisalimiwa mara mbili, salamu moja yake na nyingine ya ghala. Kisha ikaja ruksa. Kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu, rafu za duka la serikali zikabaki na misumari na kandambili za mguu mmoja, duka likafungwa, na Yusto akarudi nyumbani amevaa koti lake la kazi. Akakaa kwenye kochi la pembeni na koti lile lile, akingoja serikali ibadili mawazo. Alingoja kwa adabu kabisa, hakumsumbua mtu.

Evodia yeye hakungoja. Alipanda lori mpaka Kasesya, akavuka kwenda Mbala upande wa Zambia, akarudi na vitambaa vya makochi, chupa za chai na maua ya plastiki. Mambo ambayo miaka miwili kabla yangeitwa magendo, sasa yaliitwa biashara, na waliokuwa wakijificha vichakani na mizigo walikuwa wakipita barabarani wamesimama wima. Vitambaa vilinunuliwa, chupa zikanunuliwa. Maua yaligombewa.

Hapo sijui nikueleze vipi, maana ukisimulia leo unaonekana mzushi. Mji mzima ulipatwa na homa ya maua ya plastiki. Mtu aling'oa waridi bichi lililochanua mlangoni kwake ili apate pa kupitisha kochi jipya, na kochi likishaingia, akaweka mbele yake meza, na juu ya meza waridi la plastiki. Ua la kuota lilikuwa la watu wa shamba. Ua la kununua lilionyesha kwamba ndani ya nyumba hii yupo mtu anayevuka mpaka, au walau anamjua anayevuka. Hata Albina, mwenye bustani nzuri kupita zote parokiani, mwanamke aliyekuwa akiyaita maua ya Evodia vipande vya ndoo, alinunua waridi moja jekundu na kuliweka chumbani kwake, upande usioonekana kutoka sebuleni.

"Halimwagiliwi, halinyauki, halikuombi kitu," Evodia aliwaambia wateja. "Mume wangu mwenyewe hajafikia hapo."

Yusto, kwenye kochi lake, alitikisa kichwa kukubali.

Lakini lilikuwepo ua moja lisilouzwa. Alipewa Mbala na mwanamke mwenye duka aliyekuwa akihama, akamwongezea bure juu ya mzigo. Lilikaa kwenye kikopo cheupe, majani yake manene na mafupi, yamejipanga duara, rangi ya kijani yenye unga wa kijivu, na ncha zake nyekundu kama zimepakwa rangi ya kucha. Udongo haukuonekana, maana juu kulikuwa na vikokoto vyeupe vimegandishwa kwa gundi. Pale Kasesya, wakiwa juu ya lori wanamngoja dereva, abiria wakabishana. Mmoja akasema huo ni mmea. Mwingine akalibonyeza kwa dole gumba, akasema mpira. Mwaka ule vyama vingi ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza, na watu walikuwa na hamu ya kupiga kura juu ya jambo lolote lile, basi wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Plastiki ikashinda kwa wingi mkubwa. Aliyesema ni mmea akakubali matokeo, na Evodia akashuka Sumbawanga na plastiki ya daraja la kwanza iliyopitishwa na wananchi.

Akaliweka sebuleni juu ya stuli, karibu na dirisha la mashariki, kwenye kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Kila Jumamosi alilisafisha. Alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akakikamua kidogo, akafuta jani moja moja, na maji yakachuruzika yakapotelea kwenye vikokoto. Huku akifuta alizungumza nalo. Alilieleza nani kakopa hajalipa na nani anajifanya hamwoni sokoni. Aliwahi kumweleza Yusto mambo hayo, lakini Yusto ukimwambia jambo anajibu "tutaona", na mtu huchoka kuambiwa tutaona. Binti yao Bertilla alikuwa ameolewa mbali, Mbeya, na nyumba ilikuwa kimya. Tusifichane, Evodia alilipenda lile ua kuliko vitu vyote vya sebuleni, na vilikuwamo vingi.

Likakua. Hilo nalo alilijua. Mwanzo lilitosha kwenye kiganja, baadaye likajaa kikopo mpaka majani yakaning'inia nje. Wageni walipouliza, Evodia alisema plastiki nzuri ikipata jua hutanuka, ile mbaya ndiyo husinyaa. Wageni walikubali. Wengine walirudi nyumbani wakapima za kwao, wakakuta ziko vile vile, wakasikitika kwamba wamechukua za daraja la pili.

Sasa ndipo shemasi Flavian alipokaribia kupewa upadre. Flavian alikuwa mtoto wa kaka yake Evodia, mtoto wa Mwimbi kabisa, na misa ya upadrisho ilipangwa kufanyika hapa mjini. Parokia iliunda kamati ya mapambo chini ya mwenyekiti wa kina mama, Mama Marsiana, mwanamke mtaratibu aliyependa kila mtu aridhike na ambaye kwa sababu hiyo alikuwa akiumwa kichwa mara kwa mara. Swali lilikuwa moja tu: altare ipambwe na nani?

Evodia aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukampungukia. Biashara ilikuwemo, sikatai. Nani asiyejua kwamba watu wa parokia zote wangeona. Lakini kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine. Siku hiyo mama yake angeletwa kutoka Mwimbi na kukalishwa benchi la mbele. Angekaa misa nzima akiitazama altare. Na Evodia alitaka mama yake aone, walau mara moja, kitu kizuri ambacho mwanawe amekitengeneza bila kuinama.

Kwenye kikao, Albina alisimama wa kwanza. "Mama mwenyekiti, mimi nauliza tu. Tunampelekea Mungu kitu ambacho hakijawahi kuwa hai?"

"Na mimi nauliza tu," akajibu Evodia. "Dada Albina, ya kwako ukiyakata Alhamisi, Jumapili yanakuwaje? Padre anawekewa mikono, nyuma yake maua yamelala."

Watu wakaguna. Albina akasema plastiki nayo hupauka, inashika vumbi, inachekesha. Evodia akasema inategemea plastiki gani, akasema analo ua nyumbani kwake ambalo tangu livuke mpaka halijaonja maji, wala halijapungua jani, na kamati yote inakaribishwa chai Jumapili inayofuata ije ilitazame. Likiwa na kasoro, yeye atajitoa mwenyewe. Mama Marsiana alishukuru sana, kwa sababu ilionekana kama njia ya kumridhisha kila mtu.

Basi Jumatatu Evodia akaanza usafi. Alisogeza makochi, akasogeza kabati la vyombo, akafagia palipokuwa hapajafagiwa tangu kabati liingie. Nyuma ya kabati, kwenye vumbi, alikuta jani moja la lile ua, limedondoka lini hakujua. Aliliokota ili aligandishe kwa gundi. Jani lilikuwa limetoa mizizi. Mizizi myekundu, myembamba, na pembeni yake kimekaa kiua kidogo kilichotimia kila kitu, na ncha zake zimepakwa rangi ya kucha.

Evodia akakaa chini sakafuni na ufagio mkononi. Wazo la kwanza lililomjia, na asilaumiwe maana alikuwa mfanyabiashara, lilikuwa kwamba plastiki imezaa na hatahitaji tena kwenda Mbala. Wazo hilo halikukaa sana. Mtoto wa mkulima wa Mwimbi hawezi kuutazama mzizi akaendelea kuuita uzi. Aliinuka, akaenda kwenye stuli, akalishika jani moja la ua kubwa kwa vidole viwili, taratibu, akasikia ubaridi wa kitu chenye maji ndani. Alilijua siku zote. Vidole vyake vilijua kila Jumamosi, ni yeye tu hakuviuliza.

Kilichompata hapo hakikuwa hofu ya kamati. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza alipata aibu, aibu hasa, ya mwanamke wa Kifipa ambaye katika maisha yake hajamwacha mgeni aondoke bila kula. Ndani ya nyumba yake, juu ya kitambaa chake, kilikaa kiumbe miaka yote hiyo hakijapewa chakula, naye anajisifia kwa watu kwamba hakiombi.

"Baba Bertilla," akasema. "Lile ua lina uhai."

Yusto alilitazama kutoka kwenye kochi. "Tutaona," akasema.

Evodia alijua namna moja tu ya kulisha mmea, nayo ni ile aliyoikimbia. Kwao huko nyanda za juu mtu hapandi kwenye ardhi tupu. Anafyeka majani, anapindua udongo wenye nyasi, anayafukia humo, anafunga tuta la duara, na majani yakioza ndani yake tuta linapata joto na nguvu. Wazee waliliita intumba. Akachukua beseni la kufulia, akaenda nyuma ya nyumba na jembe la kuazima, akafyeka, akapindua. Samadi aliifuata kwa Kashinje, mama wa Kisukuma aliyehamia pembeni ya mji na ng'ombe wake kutoka bondeni Milepa.

"Unalima nini mama, wakati huu wa baridi?" Kashinje akamwuliza.

"Napamba sebule," akajibu Evodia, akaondoka na ndoo yake kichwani kabla hajaulizwa lingine.

Alifunga tuta ndani ya beseni, akabomoa vikokoto, akahamisha ua lake, akalikandamizia udongo kwenye shina mpaka majani ya chini yakafunikwa. Mikono iliingia kwenye tope mpaka viwikoni, na tuseme ukweli, haikuonekana kuchukia. Ilifanya kazi yenyewe, kwa mwendo wa mama yake, pigo moja huku, pigo moja kule. Na kwa kuwa mkono uliozoea kufunga tuta haumalizi bila kutia harage, ukatia harage. Evodia hakukumbuka hata kulitoa jikoni. Kisha akapanga vikokoto vyeupe juu, akarudisha kila kitu kwenye stuli, akalizungushia beseni kitambaa kirefu. Ukiwa mbali ungesema ni lile lile.

Akalimwagilia asubuhi, akalimwagilia jioni. Maji ya kuoshea mchele akalinywesha. Uji wa ulezi uliobaki akauongezea maji, akalinywesha nao. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita huijui mpaka ikulaze na koti, na usiku alililetea blanketi la Bertilla. Kamwe katika maisha yake lile ua halikuwa limetunzwa namna hiyo, na kufikia Alhamisi likaanza kufa.

Majani ya chini yakawa ya njano, yakawa laini, yanaonyesha ndani. Ukiligusa moja linabaki mkononi. Evodia akaona njaa bado haijaisha, akaongeza uji. Ijumaa shina likanuka kama kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Hapo ndipo hofu ya kamati ilipomfikia, na ikaja yote kwa pamoja. Likionekana limenyauka, ameshindwa. Likionekana lina uhai, ameshindwa na ni mwongo, na mama yake atakaa benchi la mbele akitazama maua ya Albina.

Jumamosi akatafuta sokoni ua la plastiki linalofanana nalo ili abadilishe. Halikuwepo, wala halijapata kuwepo. Akarudi, akalifuta jani moja moja yale yaliyobaki, akayapanga yafiche mapengo, na safari hii hakulisimulia habari za mtu. Alilibembeleza tu lisimame mpaka Jumapili jioni. Baada ya hapo, akaliambia, litafanya litakavyo.

Kamati ilikuja baada ya misa. Mama Marsiana akakaa katikati, Albina akakaa karibu na stuli kwa makusudi, wengine wakajaza makochi, na Yusto akabaki pembeni na koti lake. Evodia akamimina chai. Watu wakasifu vitambaa, wakasifu vikombe, wakalisifu na ua, maana kwa mbali, kwenye mwanga wa dirisha lenye pazia, lilikuwa linajikaza.

"Kweli linameta," akasema Mama Marsiana. "Mimi naona hata hatuna haja ya..."

Kikokoto kimoja kikadondoka kutoka kwenye beseni. Kilianguka juu ya sahani ya kikombe cha Albina, kikalia. Wote wakageuka. Pale kilipotoka kulikuwa na shingo nyeupe iliyopinda, imejifunga kichwa, inasukuma kikokoto cha pili. Mbele ya macho yao kikokoto cha pili kikatikisika, kikasogea.

Wanawake wale wote walikuwa watoto wa wakulima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Mama Bertilla," akasema Albina kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ua lako la plastiki limeota harage."

Evodia alikuwa bado ameshika birika. "Hilo nalo ni la plastiki," akasema.

Mtu mmoja akapaliwa na chai. Mama Marsiana, akitafuta namna ya kumwokoa kila mtu, akamgeukia Yusto. "Shemeji, wewe unashinda humu ndani. Hebu tusaidie. Hili ua linamwagiliwa?"

Yusto alifunga kifungo cha koti lake. "Mimi nilikuwa mtunza ghala," akasema. "Kitu kikiingia nilikuwa naandika kimeingia. Kikitoka naandika kimetoka. Kikiota, hatukuwa na utaratibu."

Albina akalivuta harage. Likatoka na mzizi wake na bonge la samadi ya Kashinje, akaliweka kwenye sahani mbele ya mwenyekiti kama ushahidi. Kisha akanyoosha mkono kwenye ua lenyewe, akalishika shingoni, apate kuona na lenyewe lina nini chini.

"Mwache," akasema Evodia.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini alisema mwache, kama mtu anavyosema juu ya mtoto, na sebule nzima ikasikia. Albina akaondoa mkono.

"Ni mgonjwa," akasema Evodia. Akaweka birika chini. "Ni mmea. Ulikuwa mmea tangu mwanzo, mimi nikasema plastiki kwa sababu watu kwenye lori walisema plastiki, na nilipenda wawe wamesema kweli. Altare apambe Albina. Ila huyu asiguswe." Na hapo akalia mbele ya kamati yote ya mapambo, machozi ya kweli, na Mama Marsiana akapatwa na kichwa chake.

Ua halikufika wiki iliyofuata. Shina lilioza, likalala. Evodia aliokota majani machache yaliyobaki magumu, akayaweka pamoja na kile kiua cha nyuma ya kabati kwenye sahani kavu dirishani, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuyatupa wala ujasiri wa kuyalisha tena. Hakuyapa kitu. Alikuwa akipita pale na kikombe cha maji mkononi, anasimama, anarudi jikoni nacho, na hakuna kazi ya shamba iliyowahi kumchosha namna hiyo. Yakaota yote.

Misa ya upadrisho ilikuwa nzuri. Maua ya Albina yalikatwa Alhamisi, na wakati wa kuwekewa mikono yalikuwa yameinamisha vichwa kuliko waumini. Evodia aliona, akafurahi kidogo, tusimfiche. Mama yake alikuwa benchi la mbele, ametazama mbele, amelala usingizi.

Walipofika nyumbani, bibi yule alizunguka sebule akivigusa vitu kimoja kimoja bila neno, mpaka alipolikuta beseni, ambalo Evodia alikuwa amelisogeza nyuma ya mlango. Akainama. Akaingiza mkono kwenye tuta, akaubonyeza udongo, akaunusa.

"Hili umelifunga wewe?"

"Mimi, mama."

"Limefungwa vizuri," akasema mama yake, akapangusa mkono kwenye khanga, akaomba maji ya kunywa.

Evodia aliyafuata maji hayo jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Neno hilo alilingoja tangu yuko msichana. Sasa amelipata, kwa tuta ambalo ndilo lililomwua kiumbe wake.

Lakini usidhani biashara yake ilikufa. Hapo ndipo utakapowajua watu. Evodia aliwaeleza wote waliouliza, na wasiouliza aliwafuata: lile lilikuwa mmea, ya kwenu ni plastiki tupu, nimeyanunua mwenyewe. Hakuna aliyemwamini. Mtu aliyekuwa akiaminiwa aliposema uongo, sasa anasema kweli wanamkonyeza. Mjini ilisemekana kwamba plastiki za Mama Bertilla zimeanza kuota, na kwamba zile zinazoota anawafichia watu fulani. Wanawake wakaanza kumwagilia. Kwenye meza za makochi kukawa na visahani vya maji chini ya mawaridi. Mmoja alimsimamisha sokoni akamwambia la kwake limeongeza jani. Mwingine akalalamika kwamba la kwake linanuka kutu, na Evodia alipomwambia ni waya wa ndani unaooza, akajibiwa kwamba anaona wivu.

Baada ya mavuno, siku ya Jumamosi mchana, Albina akabisha hodi. Alikuwa na kitu chini ya khanga. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana watoto, wakaulizana mahindi, ndipo Albina akakitoa mezani. Lilikuwa lile waridi jekundu, limetiwa kwenye kopo la udongo mweusi mzuri wa bustanini kwake, udongo umelowa.

"Nimelimwagilia tangu misa ya upadrisho," akasema, akitazama pembeni. "Nimelitia samadi. Wewe niambie, dada yangu. Nakosea wapi?"

Evodia alilitazama waridi, akamtazama Albina, mwenye bustani nzuri kupita zote parokiani. Angeweza kumcheka, na alikuwa na haki. Alikwenda dirishani, akachukua kimoja cha vile viua vidogo kwenye sahani, akakiweka kwenye kiganja cha Albina.

"Chukua hiki. Kiweke kwenye mchanga, karibu na dirisha. Usikipe kitu."

"Hata maji?"

"Maji mara moja moja, ukikumbuka. Usahau zaidi kuliko kukumbuka."

Albina alikigeuzageuza. Alizitazama zile ncha nyekundu. Akakibonyeza kwa dole gumba, akakisogeza karibu na macho, kisha akamwinulia Evodia uso wa mtu aliyeonewa.

"Mama Bertilla," akasema, "hii ni plastiki."

Kutoka kochi la pembeni Yusto akasema tutaona. Basi Evodia akachukua kipande cha gazeti, akamfungia kile kiua.